Jazi, Chemko na Kelele

Bendi iliyojiita Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Baada yake zikafuata nyingine nyingi zilizobeba neno hilo hilo mkiani: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz, Vijana Jazz. Mtu wa New York au Chicago ambaye angeteremka bandarini katika miaka ya 1960, akapita Mtaa wa Msimbazi akisoma matangazo ya dansi kwenye kuta, angedhani amefika katika mji unaopiga jazi kuliko mji wowote wa dunia. Kisha angelipa kiingilio, angeingia ukumbini, na angekuta watu wanacheza rumba.

Kwetu neno jazi halikuwa jina la aina ya muziki. Lilikuwa jina la chombo chenyewe, yaani kundi la vijana wenye magitaa na, pale mfuko uliporuhusu, saksafoni na tarumbeta, waliovaa suruali zilizopigwa pasi, wenye katibu wao na mweka hazina wao. Muziki ulitoka Cuba kwa njia ya santuri za kampuni ya His Master's Voice zilizoandikwa herufi za GV, ambazo zilianza kuenea Afrika katika miaka ya 1930. Kilichotoka Marekani kilikuwa jina tu. Tulilichukua kama mtu anavyochukua kofia ya mgeni mlangoni, akaivaa, ikamkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu ya ugomvi mmoja usiokwisha mjini kwetu: muziki upi ni muziki, na upi ni kelele. Ugomvi huu nimeusikia barazani, ndani ya daladala, katika ofisi ya serikali ya mtaa na msibani pia, ambako kwa kawaida watu huchunga ndimi zao. Wanaougombania hudhani ni jambo jipya lililoletwa na vijana wa siku hizi. La hasha. Ugomvi huu una umri sawa na Kariakoo yenyewe.

Jina la Kariakoo, kama ajuavyo kila mkazi, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi hapo wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Wapagazi na askari wale ndio waliosaidia kuisambaza ngoma ya beni kutoka pwani hadi bara. Beni iliiga bendi za kijeshi: watu walijipa vyeo vya kizungu, walipiga kwata, walipuliza tarumbeta, na waligawanyika katika makundi mawili yaliyoshindana vikali, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana. Arinoti walichukuliwa kuwa watu wa chini. Wamisionari waliilalamikia, watawala wa kikoloni waliichunguza kwa hofu kwamba chini ya vyeo vile vya mchezo kuna chama cha siri, na wazee wa ngoma za asili waliona vijana wamepagawa na bati la mzungu. Leo beni ni mali ya wanahistoria, na mtu akiitaja huitaja kwa heshima. Naomba msomaji aikumbuke beni tutakapofika mbele.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa maana mwaka 1960 kulitokea mambo mawili huko New York, mwezi mmoja na mwingine, na yote mawili yanatuhusu.

Mwezi Novemba mpiga piano Randy Weston alirekodi santuri aliyoipa jina la Kiswahili, Uhuru Afrika. Ilikuwa na bendi kubwa na maneno yaliyotungwa na mshairi Langston Hughes, na aliyesikika humo akisema kwa Kiswahili alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mbunge. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Ulibaki mwaka mmoja na siku chache. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri ile mwaka 1964, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sifa.

Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo wa 1960, mpiga saksafoni Ornette Coleman aliwakusanya wenzake saba studio. Aliwagawa makundi mawili ya watu wanne wanne: kundi moja linasikika katika spika ya kushoto, jingine katika ya kulia. Wakapiga kwa muda wa dakika 37 hivi bila kusimama. Hawakuwa na wimbo wa kawaida wenye ubeti na kiitikio, wala hawakuwa wamepanga mapema sauti zipi zifuate zipi, isipokuwa vipande vifupi vya kuitana. Kila mmoja alisikiliza wenzake na kujibu kama alivyoona inafaa. Santuri ikaitwa Free Jazz, yaani jazi huru, na jina hilo likawa la mtindo mzima.

Kwa hiyo neno uhuru lilipigwa mara mbili mjini humo katika muda usiozidi miezi miwili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza. Lile la Weston, hata asiyependa jazi aliweza kulielewa. Lile la Coleman liliwagawa watu kama panga. Jarida la Down Beat, ambalo ndilo lililokuwa likisomwa na wapenzi wote wa jazi, liliona heri lichapishe hukumu mbili mwezi Januari 1962: mkosoaji mmoja aliipa santuri nyota tano, yaani zote, na mwingine hakuipa hata moja. Mwaka uliotangulia, mkosoaji huyo wa pili alikuwa ameshamshambulia John Coltrane na mwenzake Eric Dolphy, akiuita muziki wao kinyume cha jazi. Coleman alipoanza kupiga katika kilabu ya Five Spot mwezi Novemba 1959, wanamuziki wenzake walijazana kumtazama. Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra kubwa ya New York, alimsifu waziwazi. Miles Davis alitilia shaka akili zake. Zaidi ya hayo, Coleman alikuwa akipuliza saksafoni ya plastiki nyeupe, na waliomchukia hawakukosa kusema kwamba mtu mwenye chombo cha kitoto apige nini kama si mambo ya kitoto. Saksafoni ile ya plastiki nayo msomaji aiweke akiba.

Mimi binafsi niliipata santuri hiyo miaka mingi baada ya watu kuacha kuigombania. Sikuweza kuisikiliza yote kwa mkao mmoja, na mpaka leo naisikiliza kwa vipande. Lakini kuna kitu kilinishika. Mtu aliyekulia katikati ya Dar es Salaam amewahi kusikia mdundiko. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo isiyokaa mahali pamoja: inatoka kwa mwenye shughuli, inashika barabara, watu wanaifuata, na watoto wanapotelea mitaa wasiyoijua. Sasa fikiria midundiko miwili imetoka nyumba mbili mbali mbali, ikakutana kwenye njia panda, mmoja ukitokea upande wa kushoto na mwingine wa kulia, na hakuna unaotaka kuupisha mwingine. Kwa dakika chache husikii ngoma yoyote, ni mshindo mtupu. Kisha sikio linajifunza. Unagundua kwamba wapigaji wa huku wanawasikia wa kule, na wanawachokoza. Basi hiyo ndiyo santuri ya Coleman, spika ya kushoto na spika ya kulia. Nilipoipata njia hiyo ya kuisikiliza, sikuiogopa tena, ingawa siwezi kusema kwamba naipenda kama ninavyowapenda Mlimani Park.

Na kuhusu Mlimani Park nina mengi.

Msomaji aliyewahi kuingia dansi la Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 anajua jinsi wimbo ulivyojengwa. Kwanza unakuja polepole, waimbaji wawili au watatu wamesimama mbele, wanaeleza kisa: mke, mume, mkwe, mjomba aliyedhulumu urithi, rafiki mnafiki. Watu wanacheza wawili wawili kwa adabu. Kisha, bila tangazo, ngoma zinabadilika, gitaa la solo linapanda juu, tarumbeta na saksafoni zinaitana, na waimbaji wanarudi nyuma au wanabaki kupiga kelele za kuchochea. Hapo ndipo panapoitwa chemko. Wakongo waliita sebene. Jina letu ni zuri zaidi kwa sababu linasema kinachotokea: chungu kilichokuwa jikoni muda mrefu kinaanza kufurukuta kifuniko. Katika chemko kila bendi ilionyesha mtindo wake na kuupa jina. Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na kulelewa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, iliita wake sikinde, jina lililotoka katika ngoma ya Wazaramo. NUTA walikuwa na msondo. Western Jazz walikuwa na saboso.

Katika studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, wimbo ulipimwa kwa dakika. Lakini ukumbini chemko halikuwa na saa. Nimeona wapigaji wakibaki juu ya vifungu vitatu vya gitaa mpaka jasho linadondoka kwenye nyaya, gitaa la pili likijibu la kwanza, la besi likichepuka na kurudi, na kila mmoja akitafuta kitu ambacho hakikuandikwa popote. Hakuna aliyeita jambo hilo jazi huru. Bendi iliitwa jazi, na uhuru ulikuwa humo ndani, lakini maneno hayo mawili hayakukutana.

Wasikilizaji waligawanyika hapo hapo, katikati ya wimbo. Santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi zilikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili wa wimbo mmoja. Upande wa kwanza ulikuwa wa kisa, wa pili ulikuwa wa chemko. Nilimjua mzee mmoja, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, mwenye santuri nyingi zilizotunzwa ndani ya sanduku la mbao, ambaye upande wa pili wa kila santuri yake ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani. Hakuwa anazigeuza. Nikamwuliza siku moja, "Mzee wangu, mbona unaikata njiani?"

"Kijana," akanijibu, "mtu keshasema yaliyomtoa kwao. Sasa huko nyuma wanababaisha nini?"

Mwanawe, aliyekuwa akikata vitambaa mezani, akacheka bila kuinua uso. Yeye alikuwa na kaseti aliyorekodi mwenyewe, machemko matupu, moja baada ya jingine, hakuna hata ubeti.

Jibu la mzee yule lilinifungua macho kuliko vitabu. Msikilizaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, amelelewa na maneno. Ameyazoea mashairi ya kukariri, tenzi za kusomwa kwa sauti, mafumbo ya taarab. Akisikia muziki, swali lake la kwanza ni: anasema nini? Tazama katika taarab ya zamani, ile ya Egyptian na Al-Watan, vilabu viwili vilivyoshindana Dar es Salaam, au ile ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1905. Shughuli hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu. Ni muziki mgumu na mtamu. Na wakati unapopigwa, watu wanafanya nini? Wanatafuta viti, wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Sauti ya mwimbaji ikiingia ndipo ukumbi unanyamaza, na fedha za kutuza zinaanza kutoka kwa sababu ya neno fulani lililomgusa fulani. Ala tupu kwetu ni ukumbi wa kusubiria.

Wako watakaonipinga, na wana haki, wakisema kwamba ngoma zetu nyingi zinapigwa saa nzima bila maneno ya maana na hakuna anayelalamika. Ni kweli. Mzee yule yule wa cherehani, mdundiko ukipita Sikukuu alikuwa akiiacha mashine na uzi ndani yake. Nimelitafakari hilo. Nadhani tofauti ni kwamba katika ngoma anajua kilichowaleta watu: mwali anatolewa, kuna harusi, kuna jando. Tukio lenyewe ndilo ubeti. Muziki usio na maneno wala tukio ndio unaomwacha mkono mtupu.

Serikali nayo imewahi kuingia katika ugomvi huu, na si mara moja. Mwezi Novemba 1969, mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, alitangaza kupiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za mji. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, ambayo ilianza Januari kwa kuwinda sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Barua zikamiminika magazetini. Wengine walishangilia wakisema vijana wanapotea. Wengine wakauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: soul ni muziki wa Weusi wa Marekani, wajukuu wa Afrika, inakuwaje huo ndio uitwe wa kigeni, na muziki wa dansi wa Kizungu ubaki? Swali hilo lina makali mpaka leo. Tulikataa alichopiga James Brown kwa jina la utamaduni wetu, kisha tukaendelea kujiita jazi na kucheza rumba ya Cuba. Silisemi hilo kwa dharau. Rumba ilikuwa imeshakuwa yetu, na kitu kikikaa nyumbani miaka 30 mtu husahau kwamba kililetwa na mgeni.

Lakini serikali hiyo hiyo, kwa mkono wa pili, ilifanya jambo ambalo wapigaji jazi wa Marekani wangelilia machozi ya wivu. Chama cha wafanyakazi, vijana wa TANU, jeshi, polisi, shirika la bima, shirika la mabasi, wote walianzisha bendi na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Huko Chicago, wanamuziki weusi waliopenda muziki huru walilazimika kuunda umoja wao wenyewe mwaka 1965 ili wapate mahali pa kupigia, maana kumbi hazikuwataka. Wa kwetu alikuwa na mshahara wa mwezi, ila alijua kwamba siku ya sherehe ya taifa ataimba sifa za mradi. Kila uhuru una mtu anayeulipia kiingilio.

Wamarekani waliendelea kuvichukua vitu vyetu, nao kwa namna yao. Mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa santuri iliyoitwa Mwandishi. Ndilo jina alilojipa mwenyewe, na kila mwanamuziki katika bendi yake alikuwa na jina la Kiswahili: Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile, Pepo Mtoto. Muziki ulikuwa mrefu, wa kuelea, wenye mitambo ya umeme, karibu na ule wa akina Coleman kuliko ule wa kuchezeka. Nacheka kila nikiyasoma majina yale. Huyo Mganga, Eddie Henderson, walau alikuwa daktari kweli mwenye shahada ya utabibu. Lakini mtu anayejiita Pepo Mtoto, akifika Kariakoo na trombone lake, majirani wangemwuliza kwanza amepandishwa na nani. Wasikilizaji wa huko waligawanyika pia. Bendi haikujiendesha kwa mapato, na mwaka 1973 Hancock akaivunja, akapiga muziki wa kuchezeka katika santuri ya Head Hunters, ikauzwa kwa wingi mno. Kwa maneno mengine, alikwenda kwenye chemko.

Sasa tuje kwenye kelele zenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, pembezoni mwa mji, Mwananyamala, Kigogo, Mburahati, Manzese, vijana ambao hawakuwa na uwezo wa kununua hata gitaa moja la umeme walichukua ngoma za Kizaramo, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto kujifunzia, wakakiunganisha na spika ya pembe kama ya kutangazia mikutano. Spika ilizidiwa, sauti ikapasuka, na mpasuko ule wenyewe ukawa utamu. Wakauita mchiriku, wengine wakauita mnanda. Kundi la Jagwa Music lilianza mwaka 1992. Mashairi yao yalikuwa ya shida, mapenzi yaliyovunjika, bangi, polisi, mauti. Msomaji anikumbushe ile saksafoni ya plastiki. New York ilicheka plastiki, Dar es Salaam ikacheka Casio. Wazee wa dansi waliouziba masikio mchiriku ni wale wale ambao baba zao walikuwa wameshangaa magitaa, na babu zao beni.

Huko Kariakoo mchiriku haukukaa sana. Nyumba za zamani za Uswahili, zenye vyumba sita na ukumbi katikati na uani nyuma, zilikuwa zinavunjwa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, na uani ukishakufa, ngoma ya mtaa haina pa kuanzia. Wapangaji wengi walihamia Mbagala, Tandale, Gongo la Mboto, na ngoma zikaenda nao. Biashara ikabaki, na wakati wa usiku mitaa ambayo zamani ililia tarumbeta ikawa ya walinzi na makufuli.

Kutoka katika mchiriku ikazaliwa singeli. Kinanda kikatolewa, kompyuta ikaingia. Kijana anachukua kipande kifupi cha wimbo, mara nyingi cha taarab, anakizungusha na kukiharakisha, anaongeza mapigo, na mwimbaji anatema maneno juu yake kwa kasi ambayo mtu mzima hawezi kuifuata bila kurudia. Dansi ya Mlimani katika chemko lake ilikuwa na kasi ya mtu anayetembea haraka kuwahi basi. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na nyingine hukaribia 300. Ilikuwa ngoma ya vigodoro, zile shughuli za mtaani za usiku kucha, na malalamiko yakawa yale yale pamoja na mapya: kelele, matusi, mabinti kucheza visivyo, vibaka kujificha katika umati. Viongozi wakatoa makatazo. Sitayadharau malalamiko hayo yote. Mama mwenye mgonjwa ndani, ambaye ukuta wake unatetemeka saa tisa za usiku, hana wajibu wa kujali historia ya sanaa.

Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati ukiitwa Sounds of Sisso. Mwaka uliofuata ikatoa Poaa ya Bamba Pana. Wakosoaji wa Ulaya wakaupokea muziki huo kwa mshangao na sifa, na vijana wa Dar es Salaam wakaanza kualikwa katika matamasha ya muziki wa majaribio, pamoja na watu wanaopiga mashine na mivumo na warithi wa akina Coleman. Jagwa walikuwa wametangulia. Santuri yao ilitoka Brussels mwaka 2012. Kilichoitwa uhuni Manzese kikaitwa sanaa ya mbele kabisa huko Ulaya.

Wengi wetu tulipokea habari hiyo kwa fahari, na wengine kwa dharau, wakisema Wazungu wanapenda vituko. Mimi naona jambo jingine. Msikilizaji wa Ulaya hajui Kiswahili. Maneno ya mwimbaji kwake ni ngoma nyingine ndani ya ngoma, mlio wa kasi usio na maana, na kwa hiyo anausikia muziki wote kama chemko tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji wa Tandale anasikia nani katajwa, nani kasemwa, tusi gani limefichwa katika fumbo gani, na anafurahi au anakasirika kwa sababu hiyo. Mzazi wa Tandale anasikia tusi peke yake. Hao watatu hawajapata kusikiliza wimbo mmoja. Yule wa Ulaya anageuza santuri moja kwa moja upande wa pili, kama yule kijana mkata vitambaa. Yule mzazi haugeuzi kabisa, kama baba yake.

Na kuna la maslahi, ambalo wapenzi wa sanaa hulisahau. Singeli haikuanza kama majaribio. Mpigaji alilipwa na mwenye harusi, na asipowachezesha watu hakuitwa tena. Kasi ile inatokana na mashindano ya kazi, mtaa kwa mtaa, kila mmoja akitaka kumzidi jirani, kama Marini na Arinoti. Coleman aliweza kupiga dakika 37 kwa watu waliokaa kwenye viti. Hawa walipiga usiku kucha kwa watu waliosimama, na aliyechoka alikwenda kwa mpigaji wa pili. Nikiambiwa nichague ni yupi kati yao aliyekuwa huru zaidi, ningetaka kwanza kujua alilipwa na nani, na shilingi ngapi.

Hivi sasa singeli inapigwa redioni na katika mikutano ya kampeni, na wanasiasa wa umri wangu wanajitahidi kuichezea jukwaani, jambo ambalo si zuri kulitazama. Lakini ugomvi haujakwisha. Mwaka 2019 nilipanda daladala ya Kariakoo kwenda Mbagala, jioni, imejaa mpaka mlangoni, singeli inalia juu ya vichwa vyetu. Mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa akasema, "Konda mwanangu, hebu punguza hiyo, vichwa vinatuuma." Kutoka nyuma sauti ya binti ikajibu, "Shikamoo mama. Konda, usipunguze." Mama akaitikia marahaba, kwa sababu salamu ni salamu, na watu wakacheka. Konda akapunguza kidogo. Tulipofika Mtoni akaongeza tena, na mama akawa anaendelea kulalamika huku kidole chake kikigonga ukingo wa kikapu.